Kiti cha Mzimu

Kanisani Kalerwe, Kampala, kila mtu alijua taji la malkia katika mchezo wa kuigiza ni la Huguette. Basi Marie-Louise, mwalimu wa maigizo, alipompa Aciro, binti wa polisi wa Naguru, watu walipata la kusema wiki nzima.

Huguette akabakiwa na nafasi ya mzimu: mke wa kwanza wa mfalme, aliyelishwa sumu, anayerudi siku ya karamu. Mfalme mwenyewe ni Kakule, mume wa ndoa wa Huguette. Marie-Louise akasisitiza kwamba mzimu huonekana na mfalme peke yake. Wengine waendelee kula na kucheka, hapo pana hewa tu.

Pale sokoni anapouza sombe, majani ya muhogo, jirani yake Moreen hakumwacha apumue. Mazoezi yanaisha saa kumi na moja, mbona Kakule anaonekana akipanda kilima cha Naguru na mwavuli wa binti wa watu? Huguette alicheka, akaendelea kufunga mafungu yake. Kakule alipoulizwa alisema wanakariri maneno. Maneno gani hayo yasiyokaririka?

Jumapili mchana ukumbi ulijaa hadi madirishani. Huguette akaingia na gauni jeupe la mtumba wa soko la Owino, uso umepakwa unga wa muhogo. Ngoma ikanyamaza. Mtoto akalia, na mama mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu.

Mzimu akasimama nyuma ya kiti kitupu, kati ya mfalme na malkia.

"Nani amelala kitandani kwangu?"

Hapo Kakule alipaswa kupiga yowe. Lakini macho ya Huguette hayakuwa kwa mfalme. Yalikuwa kwa Aciro, na kikombe kikamponyoka Aciro.

"Mama Bénit," akasema, "siyo mimi niliyemwita Naguru."

Sasa Bénit ni kifungua mimba wa Huguette. Kwenye mchezo hayumo.

Kakule akacheka kifalme, akaushika mkono wa Aciro.

"Unaongea na nani, mke wangu? Mimi hapo sioni mtu."

Watu wakapiga makofi, wakidhani ndivyo ilivyoandikwa. Nyuma ya pazia Marie-Louise alijishika kichwa.

Huguette akavuta kile kiti, akaketi. Akashika ncha ya kitambaa cha meza, akaanza kujifuta unga: paji, jicho, shavu, polepole, akimtazama mumewe. Ulipobaki uso mtupu, ule anaoamka nao kila asubuhi, ndipo mfalme alipoanza kutetemeka.