Kisu Kilichoungua Ncha

Gershom alikuwa na sheria moja tu katika karakana yake, na aliivunja kwa sababu ya mapenzi.

Sheria yenyewe ilikuwa hii: mbele ya cherehe, ile mashine ya kusagia chuma, kisu hushikwa kwa mkono mtupu. Chuma kikishapashwa moto, kikazimwa kwenye mafuta na kutulizwa kwa joto dogo, huwa kimepata ugumu wake, na ugumu huo hauna adui mkubwa kama joto. Jiwe la cherehe linapokisaga, kinapata moto. Vidole ndivyo vinavyokuambia. Vikianza kulalamika, chovya kisu kwenye ndoo ya maji, pumua, rudi kazini. Ukichelewa, chuma kinageuka rangi ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu, na pale palipogeuka buluu ugumu umekwisha kwenda zake. Haurudi kwa dua wala kwa maombi.

Kwa hiyo vidole vya Gershom vilikuwa vimebabuka na kukwaruzika mwaka mzima. Mwenyewe hakujali. Aliyejali ni mkewe, Mercyline, hasa baada ya mke wa mchungaji kumshika mkono Gershom kanisani, kisha kumvuta Mercyline kando na kumuuliza kama mumewe ameshapelekwa hospitali kwa huo ugonjwa wa ngozi. Mercyline alirudi nyumbani amevimba kwa aibu. Jumatatu akaenda soko la Kongowea, akarudi na glavu za ngozi, nene, za manjano, kama za mafundi wa kuchomelea. Akazitandaza juu ya meza kama mtu anayeonyesha kitenge kipya.

"Utazivaa?" aliuliza.

"Nitazivaa," Gershom alisema. Angesema nini?

Nyumba yao ya kupanga ilikuwa Mtopanga, na karakana ni kibanda cha mabati nyuma yake. Gershom alifika Mombasa kutoka Vihiga akiwa kijana, akatengeneza matrela huko Changamwe miaka kumi na minne, hadi gereji ilipofungwa. Alichoondoka nacho ni ujuzi na rundo la springi za lori zilizovunjika. Springi ya lori ni chuma kizuri cha kisu, asikudanganye mtu. Aliikata, akaipasha kwenye mkaa, akaizima kwenye oili chafu ya injini, kisha akaituliza ndani ya jiko la Mercyline la kuokea keki, jambo lililokaribia kuvunja ndoa yao mara mbili, maana keki moja ya harusi ilitoka na harufu ya lori.

Wiki tatu kabla ya Idd ya kuchinja, Sharif, muuza nyama wa Likoni, ng'ambo ya feri, aliyekuwa amenunua kisu kwake na kukipenda, alimletea mgeni. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye kanzu safi na kofia iliyoshonwa kwa mkono, jina lake Mzee Matano. Kwa miaka arobaini huyu ndiye aliyewachinjia watu wa mtaa wake. Sharif alikuwa ameshamdokezea Gershom kwenye simu: wachinjaji wote wa ng'ambo ile humtazama Mzee Matano. Akishika kisu chako, umefika. Akikikataa, kaa na visu vyako uwakatie kuku jirani zako.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe ni fundi."

Mzee alifungua kitambaa cheupe akatoa kisu chake cha zamani. Kilikuwa kimenolewa hadi kimekonda, na mgongo wake ulikuwa na mpindo mdogo ambao Gershom hakuwahi kuuona kwenye kisu chochote. Akanyoosha mkono akipokee. Mzee akakirudisha kifuani.

"La, la. Tazama kwa macho. Hiki alinipa marehemu baba, na tangu siku hiyo hakijashikwa na mkono mwingine. Hata mke wangu hakigusi, wallahi."

Basi Gershom alikitazama kwa macho. Mzee akakishika hewani, akakigeuza huku na huku, na Gershom akachora kwenye ubao kwa penseli, akikisia ule mpindo. Urefu walipima kwa shubiri ya Mzee mwenyewe, moja na nusu. Kabla ya kuondoka, Mzee alisema jambo moja zaidi.

"Siku ya Idd ukilete mwenyewe, usimtume mtu. Kwetu sisi, kisu kipya siku yake ya kwanza, aliyekitengeneza husimama pale pale kinapofanya kazi. Kikikosea, tujue wa kumuuliza."

Alicheka aliposema hivyo. Gershom pia alicheka, ila si sana.

Zilipobaki siku mbili Idd ifike, kisu kilikuwa karibu kumalizika. Mpini wa mkwaju ulikwisha kubandikwa na kupigwa ribiti. Ilibaki kupunguza mashavu ya bapa kidogo kwenye cherehe, kisha msasa. Mercyline alikuja na chai, akasimama mlangoni akiangalia mikono ya mumewe, halafu akaziangalia glavu zilizoning'inia kwenye msumari bila hata doa la vumbi. Hakusema neno. Mke akinyamaza namna hiyo, mume mwenye akili anavaa glavu.

Akazivaa. Mercyline akatabasamu, akamsimulia habari za mteja aliyetaka keki yenye umbo la trela, wakacheka wote wawili, na kisu kiko kwenye jiwe. Ngozi ilikuwa nene. Vidole havikulalamika hata kidogo. Alipoinamisha macho aliona, vidole viwili kutoka nchani, alama ya buluu yenye upana wa kidole gumba.

Alizima mashine.

"Umemaliza?" Mercyline aliuliza.

"Bado kidogo."

Alipobaki peke yake alichukua tupa. Tupa ikipita juu ya chuma kigumu huteleza. Akaipitisha kuanzia kwenye mpini, ikateleza, ikateleza, na ilipofika pale kwenye buluu ikauma. Akarudia. Ikauma tena. Chuma kilikuwa kimelegea. Pale pangeshika makali leo, pangekata hata karatasi, lakini pakikutana na ngozi ya fahali na manyoya yake yenye mchanga, makali yangelala. Kisu kingeanza vizuri na kumalizia kwa kukwaruza, na mnyama angekuwa hai akikisikia.

Alihesabu siku. Kukata chuma kipya, kukipasha, kukituliza, kuchonga mpini. Gundi peke yake inataka siku nzima ikauke. Hazikutosha. Akajitetea: ni ncha tu, shingo hukatwa kwa tumbo la kisu. Akajitetea tena: nani atajua? Alipoishiwa na utetezi alichukua msasa.

Msasa nao, Mungu ausamehe, hauulizi maswali. Alianza na ule mbaya wa namba themanini, akaenda mia na ishirini, mia mbili na arobaini, akakisugua kwa maji, mia nne, mia nane, akimalizia na ule wa elfu moja ambao ukiushika unadhani ni kitambaa. Zambarau ikatoka, buluu ikatoka. Bapa lote likang'aa sawasawa, na ungeweza kujinyolea ndevu ukijitazama humo. Akapaka mpini mafuta ya nazi. Hakuwahi kutengeneza kisu kizuri kama hicho maishani mwake, na aliona haya kukitazama.

"Umeona?" Mercyline alisema jioni wakila, akivigeuza vidole vya mumewe. "Havijababuka."

"Kweli," alisema Gershom, akavirudisha vidole kwenye ugali.

Asubuhi ya Idd alivuka feri na kisu ndani ya kitambaa, ndani ya gazeti, ndani ya mfuko. Mlinzi kwenye ukaguzi alikipapasa.

"Kisu?"

"Cha Idd. Nampelekea mchinjaji."

"Mbona watoka jasho?" mlinzi aliuliza, lakini alimpisha.

Nyumbani kwa Mzee Matano watu walikuwa wamesharudi kutoka kuswali. Uani kulikuwa na wanaume kama ishirini, wenye kanzu za Idd, na fahali mwekundu amefungwa pembeni akitafuna. Sharif alikuwepo na wauza nyama wenzake wawili aliowaleta makusudi waone. Alimkonyeza Gershom na kumwonyesha vidole sita, yaani oda ya visu sita ilikuwa tayari.

Mzee alikifungua kisu. Watu wakasema "Mashallah" kwa pamoja. Akajaribu makali kwenye ukucha, akajaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake, vikakatika. Akakipima kwa shubiri, moja na nusu kamili.

"Tazameni kazi," alisema. "Mtu wa bara huyu!"

Fahali akaangushwa, akafungwa miguu, akaelekezwa kibla. Mzee alikunja mikono ya kanzu, kisha akamwita Gershom asimame mahali pake, upande wa kichwa. Kutoka hapo Gershom aliliona jicho la yule mnyama. Halikuwa na hofu bado. Lilikuwa linatazama tu, kama ng'ombe wa baba yake walivyokuwa wakitazama akiwaletea majani. Gershom akajua kwamba hawezi. Na alipofungua mdomo, Kiswahili chote cha pwani alichojifunza miaka ishirini kilimkimbia.

"Mzee, ngoja. Hii kisu iko na shida."

Mzee akasimamisha mkono.

"Shida gani?"

"Nilichoma. Hapa, karibu na ncha. Chuma imelegea. Nikasugua rangi na msasa ndio usione."

Alisema yote, hata habari ya tupa, ila glavu hakuzitaja. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Sharif alikuja, akakichukua kisu, akavuta sehemu ile mara tatu kwa nguvu kwenye pembe kavu ya ng'ombe iliyotundikwa ukutani, akapitisha ukucha. Ukakwama: makali yalikuwa yamelala. Akakirudisha bila kumtazama Gershom, na wale wauza nyama wawili wakaanza kuzungumza wao kwa wao.

"Ulijua tangu lini?" Mzee aliuliza.

"Juzi."

"Na ukaja nacho."

"Ndiyo, mzee."

Gershom alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Mzee aliingia ndani, akatoka na kile kitambaa cheupe. Kisu cha zamani kilikuwa butu. Tangu aagize kipya hakukigusa, na mikono yake, kama kila mtu sasa alivyoweza kuona, ilikuwa inatetemeka. Kwa mikono ile angeweza kukata pigo moja. Kunoa, ambako kunataka mkono utulie juu ya jiwe pembe ile ile mara mia, hakungewezekana tena. Huenda ndiyo sababu aliagiza kipya, wala hakumwambia mtu.

Alikitazama kisu cha baba yake kwa muda. Kisha akamnyooshea Gershom, mpini mbele.

"Ninolee. Nenda nyuma ya nyumba. Mnyama hanolewi kisu mbele ya macho yake."

Nyuma ya nyumba palikuwa na jiwe na kata ya maji. Gershom alichuchumaa. Mpini ulikuwa na kishimo kidogo pale kidole gumba cha Mzee, na cha baba yake kabla yake, kilipokaa miaka yote. Aliweka chake humo. Akanoa kwa mikono mitupu, polepole, akimwagia maji, akilia kidogo bila kujizuia, maana hapakuwa na mtu. Aliporudi, Mzee hakujaribu makali. Alisema bismillahi, Allahu akbar, akavuta mara moja. Fahali hakupata hata nafasi ya kushtuka.

Sharif aliondoka bila kuaga, na vile visu sita viliondoka naye. Wengine walimpita Gershom wakimsalimia kwa kichwa tu. Aliosha mikono akajiandaa kwenda. Mzee akamwita. Kwanza alimkabidhi kile kipya kinachong'aa.

"Kikate pale palipoungua. Kikibaki cha kuku, basi kiwe cha kuku."

Kisha akamkabidhi cha zamani, kimefungwa kwenye kitambaa chake.

"Na hiki ukae nacho. Ule mpindo uliukosea, wajua? Safari hii ukipime vizuri. Wala usinipigie simu kuniambia kimekwisha. Nipigie kikiungua."

Jioni hiyo Gershom alimweleza Mercyline kila kitu, na sasa glavu pia. Mercyline alilia, kisha akakasirika kwamba hakuambiwa mapema, kisha akasema glavu zitafaa kushikia trei za keki. Kisu kilichofupishwa aliking'ang'ania yeye, na mpaka leo ndicho anachokatia vitunguu.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, Gershom alikuwa kwenye cherehe na kisu kipya, kile cha zamani kikiwa kimelala pembeni kwenye kitambaa chake. Mpindo sasa ulikuwa ndio wenyewe. Gari la maji likapita likipiga honi barabarani, akageuza shingo, ikawa sekunde moja zaidi ya ilivyotakiwa. Karibu na mpini, alama ya buluu, ndogo kama ukucha wa mtoto. Mahali ambapo hapakati kitu. Na safari hii hakuwa na glavu za kusingizia.

Msasa ulikuwa pale pale mezani. Aliutazama. Halafu akajifuta mikono, akachukua simu.

"Mzee, shikamoo. Kimeungua."

Upande wa pili akasikia mtu akicheka taratibu, kicheko cha mzee anayekohoa.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Matano. "Anza kingine."