Honi Moja kwa Mama Breki

Katika shule ile ya udereva, kujua kuendesha gari hakukutosha. Hata ungeliegesha kati ya vikombe viwili vya chai bila kumwaga tone, Mama Breki asingekuruhusu kwenda kwenye mtihani mpaka ubadilishe gurudumu kwa mikono yako mwenyewe. Alikupa jeki na spana, akaingia ofisini na kufunga mlango. Hakutaka kukuona unavyohangaika.

"Ukimaliza, piga honi," alikuwa akisema. "Moja tu. Honi mbili ni za kuomba msaada, na mimi msaada sina."

Jina hilo wanafunzi walimpa kwa sababu ya ile breki ya pili iliyokuwa upande wake wa gari. Mguu wake haukubanduka pale. Walisema hata akilala hukanyaga shuka. Mbele yake, bila shaka, walimwita Mwalimu, tena kwa sauti ya chini. Kigari chake chekundu kilikuwa kikongwe lakini kisafi kuliko sahani. Kila asubuhi mwanafunzi wa kwanza kufika alikiosha, na nati za magurudumu alizisugua moja moja mpaka mtu aweze kujiona meno humo.

Siku hiyo zamu ya gurudumu ilikuwa ya mshonaji. Mtihani ulikuwa kesho yake. Nyumbani kwao kulikuwa na pikapu aliyoiacha marehemu baba yao, imefunikwa turubai uani, na kaka yake alikwisha kusema bila kupepesa macho kwamba mwezi ukiisha bila mtu wa nyumba ile kuiendesha, anaiuza. Mwezi ulikuwa ukingoni. Mshonaji aliitaka pikapu hiyo ili asambazie sare za shule alizoshona. Zaidi ya hapo, aliitaka kwa sababu kiti cha dereva bado kilikuwa kimebonyea pale alipozoea kukaa baba.

Akachuchumaa penye gurudumu la mbele kushoto na kuanza kulegeza nati kabla ya kuinua gari, kama alivyofundishwa. Ya kwanza ilikubali. Ya pili, spana haikuingia kabisa. Akaigeuza, akaisukuma kwa kiganja, ikateleza na kumchubua kidole.

Kinyozi, mwanafunzi mwenzake aliyekwisha kulipita jaribio hilo wiki iliyotangulia, alikuwa amekaa kwenye ngazi akingoja somo lake.

"Dada," alinong'ona, "chini ya kiti cha nyuma."

"Kuna nini?"

"Kuna mkombozi."

Mshonaji akapapasa, akatoa nyundo iliyozungushiwa tambara.

"Unaegemeza spana, unagonga, inaingia yenyewe," kinyozi akaeleza. "Tambara linameza sauti. Sote tumepita hivyo. Nyundo hiyo imetoa madereva kuliko Mama Breki mwenyewe."

"Na yeye hajui?"

"Nani amwambie? Wewe una roho ngapi?"

Mshonaji aliipima nyundo mkononi. Wateja humletea blauzi zenye matundu yaliyochanika, na kila mara ni hadithi ile ile: kifungo kilikataa, mtu akakilazimisha. Akaiweka nyundo chini. Kwenye ukosi wa nguo yake hakukosi sindano yenye uzi. Akauchomoa uzi, akauzungusha kwenye nati ya kwanza, akabana kwa ukucha pale ncha zilipokutana. Kisha akauhamishia kwenye ya pili. Ncha hazikukutana. Ilibaki nafasi ya punje ya mchele. Ya tatu, vivyo hivyo.

"Imevimba," alisema.

"Nini?"

"Nati. Imenenepa."

"Basi igonge ikonde!"

Mshonaji alicheka, lakini mkono haukuirudia nyundo. Angeweza kugonga, akapiga honi, akaenda zake kwenye mtihani. Ila siku atakapopasukiwa na tairi njiani, amebeba sare za watoto wa watu, kinyozi na tambara lake hawatakuwepo. Akairudisha nyundo chini ya kiti, akapangusa mikono, akaenda kugonga mlango wa ofisi.

"Sijasikia honi," sauti ilitoka ndani.

"Sijapiga, Mwalimu. Kuna nati mbili, spana haiingii. Nadhani kosa si la mkono wangu."

Mlango ulifunguka. Kinyozi ghafla aliona kitu cha kutazama mawinguni.

"Wote wamezitoa," Mama Breki alisema polepole. "Wote. Wewe tu ndiye uliyeumbwa kwa pamba?"

Mshonaji hakuitaja nyundo. "Naomba uje uone, Mwalimu."

Akapiga magoti na kuuzungusha uzi tena, nati hii, kisha ile. Mama Breki alichuchumaa kando yake, magoti yakalia. Akautazama uzi. Akachukua spana, akajaribu mwenyewe. Akajaribu tena. Kisha, bila kugeuka:

"Kinyozi."

"Naam, Mwalimu."

"Wewe wiki iliyopita ulizitoa kwa meno?"

Kinyozi aliinuka ngazini. Akaenda garini, akarudi na nyundo ameibeba kwa mikono miwili kama anayemrudisha mtoto mchanga kwa mama yake. Wote wawili wakangoja paa liruke. Halikuruka.

"Siku zote hizi," Mama Breki alisema, "na mlango wangu uko hapo." Akamgeukia mshonaji. "Kaza hiyo uliyoilegeza, uwashe gari. Twende kwa fundi."

Gereji ilikuwa mtaa wa pili; kinyozi naye alikwenda nao, kiti cha nyuma. Fundi hakushangaa hata kidogo. Alichagua soketi kuukuu inayobana, akaipigilia kwenye nati, akazungusha. Nati ilipotoka, akachomeka bisibisi pembeni, na kofia yake inayong'aa ikabanduka kama ganda la yai. Ndani, kutu tupu.

"Hizi ni za vipande viwili, Mwalimu. Chuma ndani, kofia ya urembo juu. Maji yakipenya, chuma kinaota kutu, kutu inaisukuma kofia. Nani anaziosha kila siku?"

"Mimi ndiye niliyeamuru," alijibu Mama Breki.

Fundi akamwonyesha nati nyingine, nzito, rangi ya moshi. "Hizi ni chuma kitupu. Tubadilishe zote."

"Hazing'ai."

"Zinafunguka."

Mama Breki alikubali kwa kichwa. Fundi akasafisha boliti kwa brashi, akabadilisha nati gurudumu kwa gurudumu. La mbele kushoto akalifungia nati mpya pia, lakini alipotaka kuondoka, Mama Breki alimnyang'anya spana na kumkabidhi mshonaji.

"Hukumaliza kazi," alisema, kisha akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa gereji.

Mshonaji alilegeza, akainua, akalitoa gurudumu, akalirudisha. Nati aliziingiza kwa vidole kwanza, kama anayepiga bandi kabla ya kupeleka nguo cherehani. Akazikaza kwa kukingamisha, hii na ile inayoielekea, akashusha gari, akakaza mara ya mwisho. Kisha akaingiza mkono dirishani na kupiga honi. Moja.

Mama Breki alijitokeza, akazijaribu nati zote nne kwa uzito wake wote. Hakuna iliyojongea.

"Wengi wamegonga nati," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kugonga mlango. Kesho unakwenda kwenye mtihani." Akamgeukia kinyozi. "Na wewe, bwana mkombozi, kesho unaanza upya. Nyundo itakaa mezani kwangu."

Walirudi kwa njia ya kwao mshonaji. Mama Breki ndiye aliyeitaka; habari za pikapu alikuwa nazo. Walipoingia barabara kuu yenye pilikapilika, alivua viatu, akakunja miguu juu ya kiti, mbali na breki.

"Mwalimu, mguu!" kinyozi alipiga kelele kutoka nyuma.

"Nyamaza wewe. Tuna dereva."

Mshonaji hakugeuza kichwa, lakini shingo ilirefuka. Akapunguza mwendo mbele ya nyumba yao. Kaka yake alikuwa mlangoni, kikombe mkononi. Mshonaji akapiga honi moja, si zaidi.

Kaka alilitazama gari, akamtazama dada yake, akamtazama na yule mama aliyekaa pekupeku kama yuko sebuleni kwake. Aliweka kikombe chini, akazunguka kwenda uani, na kabla kigari chekundu hakijakata kona walisikia turubai likiburutwa.