Mlango Ulifunguka kwa Ndani

...kwa ndani, ulifunguka kwa ndani, milango yote ya mabehewa yale ilivutwa kwa ndani, gadi gani asiyejua hilo, na Ndululu alikuwa gadi wa treni ya abiria miaka ishirini na miwili, leo amekaa mezani kwake Matiliku na kimlango chekundu cha plastiki kati ya vidole viwili, fremu yake ukiigeuza hivi kinafunguka nje, ukiigeuza hivi ndani, na uani Mbinya anakunywa chai na Muthoki, mke wa Ndululu, akingoja kuitwa... wiki tatu amelijenga behewa hili kwa matofali ya kuchezea yaliyokuja kanisani na sanduku la misheni, kila kinundu futi moja, madirisha manane, mabenchi, rafu za mizigo, hata choo, wekundu badala ya ile rangi ya damu ya mzee, lakini nani analalamika, kila aliyeliona amesifu, naye mgema akisifiwa... Mbinya ndiye aliyeomba, hajapanda treni hata siku moja, alisema mbele ya watu, “Baba Kasyoka, si unijengee hiyo behewa, nione tu pale Ndeti alikuwa amesimama,” angekataaje, mjane wa rafiki yake, na sasa anamsikia, “...mtu mzima, Mama Kasyoka, anaegemea mlango ya treni! Si angekaa chini kama watu?” na kicheko kile chenye uchungu, miaka kumi na minne anamgombeza marehemu, watoto wake hawathubutu kuegemea hata mlango wa jikoni, na neno hilo, aliegemea, alipewa na nani kama si Ndululu, siku ya matanga, kofia ya kazi mkononi, aliegemea mlango, shemeji, ukafunguka, likapita laini, wakubwa wa reli nao wakaandika ajali, yakaisha, hayakuisha... maana mlango unaovutwa ndani haumtupi anayeuegemea, ukiusukuma unazidi kujifunga, Mbinya ataweka kidole, atasukuma, utagoma, atauliza, si mjinga yule, Mungu wangu, basi ugeuze, mzee, ni plastiki, nani atakushtaki, akaugeuza, akaubana, tik, ukafunguka nje vizuri kabisa, na papo hapo behewa zima likamchukiza, madirisha, mabenchi, choo, yote aliyoyapima kwa kumbukumbu yakawa mashahidi wa kununuliwa... “Ongeza sukari, Mbinya, usiogope,” Muthoki anasema, chai, kwa nini iwe chai, chai ndiyo aliyoitaka siku ile, saa kumi jioni, wameshapita Emali, joto la kuchemsha ubongo, na gadi mwenyewe, mtu wa sheria, ameuvuta mlango na kuufunga wazi kwa kamba ya katani apate upepo, amekaa juu ya sanduku lake, amevua viatu, “Ndeti, niletee chai bwana,” na Ndeti, anayerudi nyumbani likizo, akaja akicheka na vikombe viwili, mikono yote miwili imejaa, kona, behewa likayumba, hakuegemea kitu, hakuwa na mkono wa kushika kitu, vikombe navyo vikaenda naye, na Ndululu akafungua ile kamba kabla ya kuvuta breki, kabla, Ndululu, kabla... aliipenda kazi kuliko mtu, ndivyo, liseme, akaliwaza lote bila kulikatiza na paa halikumwangukia, akaung'oa mlango, akaugeuza, ndani, sasa unasema kweli, ila bado kuna kitu kimepungua, akalitazama behewa, Ndeti wa plastiki amesimama peke yake, hadithi yote hii miaka kumi na minne ina mtu mmoja tu, aibu iliyoje, akapekua kopo la vijitu vya plastiki, akapata mwingine mwenye kofia, akamkalisha kando ya mlango, huyu mama atamlaani, atamwaga ile chai, kanisa zima litajua kufikia Jumapili, na lijue, anaogopa, anaogopa sana, lakini Ndeti amegombezwa vya kutosha... “Baba Kasyoka!” Mbinya anaita kutoka uani, hajainuka bado, kikombe chake kinagonga kisahani, “nikuje ama bado?” na lile neno bado lilikuwa tayari ulimini, limezoea kukaa pale, akalimeza.

“Kuja,” akasema, sauti ikamtoka ndogo, “nikuonyeshe pale mimi nilikuwa nimekaa.”