Tundu la Shahidi

Jumanne, baada ya chai ya asubuhi, Mwalimu alifagia chini ya kitanda cha marehemu mama yake akakuta tena ule unga. Safari hii ulikuwa vilima vidogo kumi na kimoja, vyeupe, laini kama poda ya mtoto mchanga. Aliuzoa kwa kipande cha kadibodi. Kitanda kikasema, "Ma." Kikakohoa, kikanyamaza. Mwalimu alikwenda sebuleni kuongeza sauti ya redio.

Kitanda kilianza kusema miezi mitatu baada ya mazishi. Mkewe alikizoea upesi, kama anavyozoea mtu bomba linalovuja. Kilitoa vipande tu, "ji" upande wa miguuni, "ba" upande wa kichwani, na katikati pumzi nzito. Hakuna aliyepoteza usingizi.

Shida ilikuwa dada yake. Huyu alikuwa kitindamimba, muuguzi katika mji wa mbali, na Jumapili angekuja kukichukua kitanda, maana mama alimwachia yeye kwa kauli yake mbele ya watu. Aliambiwa kwamba mama alilala tu, hakuamka. Haikuwa hivyo. Mama aliita siku tatu katika chumba cha nyuma, naye Mwalimu alikuwa sebuleni akisahihisha mitihani. Alikuwa amechoka kuuguza, amechoka hadi kwenye mifupa, na uchovu ule ulikuwa wa kweli. Lakini hakuinuka. Wala hakumpigia dada yake simu, kwa kuwa angekuja mbio. Sasa aliogopa. Watu wengi walimwita Mwalimu. Aliyebaki kumwita kaka, na kumaanisha, ni huyo mmoja.

Jumatano alikuja fundi wa wadudu, mzee mfupi mwenye mkoba wa ngozi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuuliza mengi. Alikigeuza kitanda ubavu, akagonga kila ubao kwa mpini wa bisibisi, kisha akachukua unga kidogo akausugua kati ya vidole.

"Huyu si mchwa," alisema. "Mchwa angekuachia udongo. Matundu ya mviringo, kama kichwa cha pini, unga laini: huyu ni dumuzi wa mbao. Na weupe huu maana yake yumo bado, anakula."

"Ba," kitanda kikasema.

Fundi alitega sikio, akatikisa kichwa kama daktari aliyesikiliza kifua. "Mbao laini hushika sauti. Dumuzi akila mbao anakula na kilichomo, na akitoboa, kinatoka. Nyumba moja nilikuta dumuzi wanatoa kicheko kitupu. Wenye nyumba wakakataa nisiwaue." Akamtazama Mwalimu juu ya miwani. "Aliita sana?"

"Alikuwa mgonjwa," Mwalimu alisema.

"Ningekuwa wewe ningekichoma moto, mambo yakaisha."

"Si changu. Ni cha dada yangu."

Fundi akafungua mkoba. Alihesabu matundu arobaini na mawili, akalidunga kila moja dawa kwa sindano, kisha akaanza kuyaziba moja moja kwa nta iliyochanganywa na unga wa mbao. Kila alipoziba, sauti moja ilikatika. Mwalimu alisimama mlangoni na kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi njaa.

Lakini tundu la mwisho, upande wa kichwani, fundi aliliacha wazi.

"Na hilo?"

"Hilo ni la shahidi. Ndiyo kawaida ya kazi yetu. Weka karatasi nyeusi chini yake. Ukiona unga, dawa haijashika, niite. Usipouona, wamekufa."

"Lizibe tu, mzee wangu. Nitakuamini."

"Mimi sijiamini, sembuse wewe," fundi alisema, akaosha mikono.

Alipoondoka, Mwalimu aliwasha mshumaa akadondosha nta yake mwenyewe juu ya lile tundu. Asubuhi aliikuta nta imesukumwa nje, iko juu ya karatasi, nzima, haina ufa. Unga haukuwepo. Dumuzi walikuwa wamekufa wote. Fundi aliijua kazi yake. Ila maneno yaliyokuwa yakitawanyika katika matundu arobaini na mawili sasa yalikuwa na mlango mmoja, na yalikuja yamepangana, kila neno na mwenzake.

"Baba," kitanda kikasema. Ndivyo mama alivyomwita mwanawe wa kwanza tangu utotoni, kwa kuwa alibeba jina la babu. "Baba, naomba maji. Koo limekauka."

Jumapili dada alifika kabla ya saa sita, na begi moja. Alimkumbatia wifi yake, akamshika kaka yake mkono kwa mikono miwili, akaenda chumba cha nyuma. Mwalimu alibaki sebuleni na rundo la madaftari. Aliweza kusikia kila kitu. Dada alikaa kitandani akasikiliza mpaka mwisho, siku tatu zote, jambo lililochukua kama saa moja na nusu. Hakupiga kelele. Alikuwa muuguzi, alijua sauti ya mtu anayeita na sauti ya mtu aliyekwisha kuacha kuita.

Akapita sebuleni bila kumtazama mtu, akajaza kikombe jikoni, akarudi, akapiga magoti upande wa kichwani.

"Mama, haya maji."



"Ahsante, mwanangu," kitanda kikasema. "Lakini si wewe. Namwita kaka yako."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na kutoka pale hadi kwenye kiti cha Mwalimu hazikufika hatua kumi.

"Nakuja, mama," Mwalimu alisema, akafungua daftari jingine.