Mashine Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Sista Metrine alikuwa amewadharau watu wengi maishani mwake, lakini hakuna aliyemdharau kwa moyo mmoja kama Bwana Gordon, msimamizi wa hospitali. Alimdharau kuanzia kofia hadi viatu. Mtu gani huyo, amekabidhiwa hospitali nzima hapa Kisumu, na kazi pekee anayoiweza ni kupanga viti vya mikutano?

Mwaka ule wa 1988 wafadhili walileta mashine mpya. Ilikuwa bomba refu la mpira mweusi, jembamba kama kidole, lenye taa nchani na tundu la kuchungulia huku juu. Daktari hulipitisha kinywani mwa mgonjwa mpaka tumboni, akaona yaliyomo bila kumpasua mtu, na ndani ya bomba hilohilo hupitisha sindano ndefu akatibu kidonda pale pale kilipo. Metrine alipelekwa Nairobi miezi miwili kujifunza kulitunza na kumsaidia daktari. Joram, daktari kijana mwenye mikono myepesi, alipelekwa kujifunza kulitumia. Walirudi mwezi wa tatu. Mwezi wa saba ulipofika, mashine ilikuwa bado imo ndani ya kabati la kioo, imezungushiwa utepe mwekundu wenye ua, kwa sababu mgeni rasmi hakuwa amekuja kuifungua.

Msicheke. Ndivyo mambo yalivyokwenda siku hizo. Kisima kilimngoja mgeni rasmi, darasa lilimngoja mgeni rasmi, na kuna shule moja huko upande wa Awasi ambayo choo chake kipya kilimngoja mgeni rasmi miezi mitano, watoto wakiendelea kujisaidia migombani. Kutumia kitu kabla mkubwa hajakifungua kulihesabiwa utovu wa adabu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; kwa akina Gordon, mwenyeji alitakiwa kungoja mgeni hata kama anakata roho.

Jumatatu moja Anyango alimleta mumewe Ouma, mvuvi wa Luanda Kotieno, akitapika damu. Ilikuwa mara ya tatu mwaka ule. Kwao walishakubaliana kwamba amerogwa na mwenziwe wa nyavu, na mganga alishakula kuku wawili. Metrine aliposikia hivyo alisonya. Aliyemroga Ouma ni mdudu wa kichocho, wa maji yaleyale ya ziwa ambayo alisimama ndani yake tangu utotoni. Mdudu huyo alilifanya ini likawa gumu, damu ikakosa pa kupita, ikajazana kwenye mishipa ya umio, njia ya chakula, mpaka mshipa mmoja ukapasuka.

"Daktari, huyu ni wa mashine," alisema Metrine.

Joram alijishika kidevu. "Lakini sista, hiyo kitu haijafunguliwa. Bwana Gordon amesema mgeni anakuja Jumamosi."

"Basi mwambie Ouma angoje atapike Jumamosi."

Hakungoja jibu. Alichukua makasi ya theata, akaukata ule utepe mwenyewe, bila kwaya wala hotuba.

Ukweli lazima usemwe: Joram alipoweka jicho kwenye lile tundu, alikuwa mtu mwingine. Mikono ilitulia, sauti ikatulia. "Naona mishipa minne, imevimba kama nyungunyungu wakati wa mvua. Mmoja unatoa damu. Ingiza sindano." Metrine alisukuma sindano kupitia bomba. "Choma. Ongeza kidogo. Rudisha." Walifanya hivyo mara tano, kila mara wakiingiza dawa ya kuufunga mshipa. Damu iliyokuwa ikitiririka ikawa matone, kisha ikakatika. Nusu saa tu, na hakuna aliyeshika kisu. Kesho yake Ouma aliomba uji, na Anyango akacheka mbele ya wodi nzima.

"Ero kamano, sista," alisema. "Asante sana. Umenirudishia baba watoto."

"Usinishukuru bado, mama. Hii kazi ina sehemu ya pili. Hiyo mishipa lazima ichomwe tena na tena mpaka ikauke yote, na katikati hapo inaweza kupasuka siku yoyote. Msiende nyumbani."

Jumatano Bwana Gordon alipita karibu na kabati, akauona utepe uko sakafuni. Aliambiwa ni mvuvi wa Luanda Kotieno aliyetapika damu, ikakaushwa siku hiyohiyo. Hakuuliza anaendeleaje. Aliuokota ule utepe, akaushika mikononi kama mtu aliyefiwa.

"Mnataka mgeni afungue mtumba?" aliuliza. "Mtu mkubwa atoke Nairobi, aje kufungua kitu imeshaingia mdomo ya mvuvi? Aibu gani hii mnanipatia?"

Alimwandikia Joram barua ya onyo siku hiyohiyo. Mashine akaihamishia ofisini mwake, akaifungia ndani ya kabati la chuma na kutia ufunguo mfukoni. Kisha akamtuma karani wake, Waringa, akanunue utepe mwingine, mrefu kuliko wa kwanza.

Ijumaa asubuhi Ouma alianza kutapika tena. Beseni la kwanza lilijaa, la pili likaletwa. Bwana Gordon alikuwa ametoka tangu alfajiri kutafuta hema la sherehe, na hakuna aliyejua yuko pembe gani ya mji.

"Tuvunje lile kabati," Metrine alimwambia Joram. "Karakana kuna mtalimbo."

Joram alitazama viatu vyake. "Sista, mimi niko na barua moja tayari. Ya pili ni kufutwa. Wewe unajua ni watu wangapi wananitegemea?"

"Najua mmoja. Yuko kitanda cha saba."

Joram aliitia mikono ile myepesi mifukoni, na Metrine akamdharau kuliko alivyowahi kumdharau Gordon, maana Gordon hakujua kitu, huyu alijua. Metrine alikwenda karakana peke yake akauchukua mtalimbo. Akafika mlangoni pa ofisi. Kukata utepe ni kitu kimoja, kuvunja mlango wa mkubwa ni kitu kingine: huo ungeitwa wizi, na yeye alibakisha miaka miwili astaafu. Alisimama pale muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe cha chai. Kisha akaurudisha mtalimbo mahali pake, na kuanzia saa ile alikuwa na mtu wa tatu wa kumdharau.

Walimtundikia Ouma damu ya shemeji yake, chupa moja. Ilitoka jinsi ilivyoingia. Saa nane mchana alikufa, mkono wake umeshika leso ya mkewe.

Jumamosi hema lilisimama uani. Kwaya iliimba, mgeni rasmi akaongea saa nzima juu ya maendeleo, kisha akaukata utepe, watu wakapiga makofi. Mgeni huyo kumbe alipenda kuuliza. Akauliza kama kuna mtu yeyote aliyekwisha kusaidiwa na mashine hii ya ajabu.

Bwana Gordon, aliyeita jambo hilo aibu siku ya Jumatano, alinusa sifa.

"Yuko, mheshimiwa! Mvuvi wetu mmoja wa Luanda Kotieno. Alikuja akitapika damu, na tukaikausha siku hiyohiyo! Sista Metrine, hebu tuletee mgonjwa hapa mbele, watu wampigie makofi."

Ijumaa nzima na asubuhi ile yote hakuwa ametia mguu wodini. Joram, kwenye kiti cha mstari wa pili, aliinamisha kichwa mpaka magotini. Watu wote walimgeukia Metrine. Alisimama taratibu, akanyoosha gauni lake jeupe.

"Nitamleta, Bwana Gordon," alisema, na sauti yake ikafika hadi nyuma ya hema. "Lakini nipatie wanaume wanne wa kumbeba. Yuko mochari tangu jana."