Kompyuta ya Masikio Yangu

Nikisema kinyaa sisemi kwa madaha. Nasema kile kinachokupanda kooni ukatafuta pa kutema. Ptu! Kuna zahanati moja ya misheni hapa Korogwe, jina silitaji kwa sababu bado natibiwa pale, na kinyaa walichonitia siku ya mgeni rasmi hakijanitoka mpaka leo.

Mimi ni Hilaria, naishi Mkumbara, nauza nyanya na vitunguu kando ya barabara. Masikio yangu yalianza kufa zamani, nikapewa mashine mbili za kusikilizia na Wajerumani waliopita pale zahanati. Mashine hizi haziongei na kitu kingine chochote duniani ila kompyuta moja, likompyuta la zamani la Windows tisini na tano, rangi imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Kati yake na mashine zangu kuna kiboksi cheusi chenye nyaya. Masikio yakishuka, Peter, fundi wa masikio pale zahanati, anachomeka, anabonyeza, anaongeza sauti, narudi nyumbani nasikia mpaka panya darini.

Mwaka huu yakashuka vibaya. Na mwaka huu huu mume wangu, Habakuki, akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote umekufa, na sauti imebaki pumzi tu. Haya, niambieni, kiziwi na mtu wa kunong'ona wataongea nini? Ndugu zake wakatuletea Erasto, mtoto wa mdogo wake, mwanamume mzima asiye na kazi, awe anamlisha na kumwogesha nikiwa gengeni. Huyo ndiye akawa mdomo wa mume wangu. Habakuki anachezesha midomo, Erasto ananibandikia mdomo sikioni na kupiga kelele: "Mama mkubwa, anasema ahsante!" Mdomo wenyewe unanuka gongo. Ndoa yangu yote ile, halafu maneno ya mume wangu yananifikia yakiwa yameshatafunwa na mtu mwingine. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, nimsikie Habakuki kwa masikio yangu kabla Mungu hajamchukua.

Nikaenda zahanati. Nikakuta mawe yamepakwa chokaa, bado inachuruzika. Maua yamepandwa mstari mzuri, nikayaangalia vizuri, kumbe ni matawi yamekatwa na kuchomekwa ardhini, hayana hata mzizi, yameshaanza kulala. Choo cha wagonjwa, kile tunachoingia tumeziba pua mwaka mzima, hawakukisafisha. Wamekitia kufuli ili harufu isimkere mgeni rasmi. Sisi tukajisaidie wapi? Nyoo! Hilo halikumhusu mtu.

Kwenye chumba cha masikio, pale lilipokuwa likompyuta langu, nikakuta kompyuta nyembamba mpya juu ya kitambaa cha kufuma, imefungwa utepe. Peter alikuwa amesimama pembeni kama mtu aliyefiwa.

"Liko wapi?" nikamuuliza.

"Mwenyekiti ameliondoa!" akanipigia kelele. "Anasema linatia aibu!"

Mwenyekiti ni mzee Valerian, mkuu wa kamati ya zahanati. Mgeni rasmi akaja, akakata utepe, akapigwa picha na ile kompyuta, akahutubia mpaka jua likahama. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mimi, wala sijui kasema nini.

Alipoondoka Peter akaijaribu. Plagi ya kile kiboksi ni pana, ina meno mengi. Kompyuta mpya haina tundu hata moja la kuipokea. Akaagiza waya wa kuunganisha kutoka Dar, ukaja, ukaingia, na bado programu ya masikio ikakataa kufunguka. Akaniambia kwa kelele kwamba programu ile ni ya zamani, inataka mashine ya umri wake, na hizi za kisasa haziitambui kabisa. Kitu pekee alichookoa ni kiboksi cheusi na flopi za programu. Alivificha kwenye begi lake usafi ulipoanza, maana anawajua watu wake.

Basi tukalifuata. Valerian ana shamba Kwaluguru, tukapanda gari mpaka Handeni, kutoka pale pikipiki. Akatupokea kwa heshima zote, "Karibuni, karibuni sana," kisha akatupeleka kwenye banda la kuku.

Jamani! Kasha la kompyuta lilikuwa limelazwa ubavu, mfuniko umeng'olewa, ndani limetandikwa majani makavu, na juu ya majani kuna tetea anaatamia. Tetea huyo alininyea mkono nilipotaka kumtoa. Chini yake, kwenye kona ya nyaya, vitoto vya panya, vyekundu, havina manyoya, vinajinyonganyonga. Mavi ya kuku yamekaukia juu ya vile vibao vya ndani mpaka huoni kitu. Nilitapika pale pale, bila haya.

Valerian akasema neno, Peter akanirudishia kwa sauti: "Anasema mgeni rasmi angeona uchafu ule ofisini angetufikiriaje!"

Anasema hivyo huku amekanyaga mavi na kandambili zake. Nikamsonya mbele ya uso wake, mtu mzima, mwenyekiti.

Hakukasirika. Alichofanya ni kibaya zaidi, alitukarimu. Tetea akishafukuzwa kwenye mayai harudi tena, akasema kupitia kwa Peter, basi achinjwe, wageni wapate kula. Tukamwambia tumeshiba, tuna haraka. Wapi! Nyumba gani inamwachia mgeni aondoke na tumbo tupu? Kompyuta hatutapewa mpaka tule. Nikakaa mkekani, nikaletewa paja la yule yule aliyenyea mkono wangu. Nikalitafuna macho nimeyafumba, nikameza, nikasema ahsante, chakula kitamu. Mtu asiniambie habari ya subira, nimeimeza ikiwa na mchuzi.

Tulipolirudisha zahanati, Peter akalisugua lile kasha kwa brashi na spiriti, akalianika juani. Skrini kubwa ya zamani akaazima kwa mtu wa steshenari. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo lilipowaka lilidhani tuko mwaka themanini, likauliza maswali ya ajabu, Peter akalijibu moja moja. Akaingiza flopi. Likakoroma. Likapata moto. Na lilipopata moto, mavi yaliyojificha ndani yakaanza kuiva. Harufu ile, loh! Nesi Upendo akakimbia ameziba pua kwa aproni. Wagonjwa wakahamia nje. Mimi nikabaki kitini, nyaya masikioni, naivuta harufu yote kifuani, nikiogopa hata kukohoa nisije nikalizima.

Peter akabonyeza. Kwanza nikasikia feni ya kompyuta inavyokwaruza. Kisha Peter akageuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, unanisikia?" Nikaanza kulia.

Nikafika nyumbani jua bado liko. Sikusema kitu. Nilitaka kumshtukiza Habakuki, nimjibu mwenyewe bila kupigiwa kelele, niuone uso wake. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika mkono wa kushoto. Erasto akaja na bakuli la uji, akainama sikioni kwangu kama kawaida yake.

Midomo ya Habakuki ikacheza, na nikasikia. Sauti nyembamba, imechakaa, lakini yake, ile ile aliyonitongozea Kwashemshi.

"Mtoe," akasema. "Hilaria, mtoe huyu. Uji anakunywa yeye. Ananifinya."

"Mama mkubwa!" Erasto akapiga kelele mpaka sikio likauma. "Anasema uji wa leo mtamu sana!"

Nikafunua shuka. Paja la kushoto, upande ulio hai, upande anaosikia maumivu, lilikuwa limejaa alama za kucha. Nyingine zimeshakuwa nyeusi, nyingine bado mbichi.

"Hii nini?" nikauliza.

Habakuki alikuwa ananiangalia tu, machozi yanamtoka.

"Mbu!" Erasto akapiga kelele. "Anasema mbu wamezidi, mama mkubwa! Anasema ninunue dawa!"

Nikamgeukia. Nikazungumza polepole, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuitumia tangu aingie nyumba ile.

"Hajasema kitu, Erasto. Hajafungua hata mdomo."

Kijiko kikaanza kugonga ukingo wa bakuli mkononi mwake, taratibu kwanza, halafu haraka haraka, na nilikuwa nakisikia.