Kurasa Nne za Mwisho

Filamu haikuwa imemaliza hata nusu saa, na tayari mama mwenye nyumba alikwisha kuuliza maswali kumi na moja. Gauni lile linafungwa na nani, ikiwa vifungo vyote viko mgongoni? Farasi wakisimama mlangoni, uchafu wao anauzoa nani? Na yule dada mwenye kiuno cha nyigu, chakula anakiweka wapi?

"Mama, tazama tu," alisema binti yake, kitindamimba wa nyumba, ambaye ndiye aliyeileta filamu alasiri hiyo ya Jumamosi. "Ukiuliza sana utapitwa."

"Nisipouliza ndiyo nitapitwa."

Bwana Gundi alicheka pamoja nao, lakini kicheko chake hakikufika tumboni. Jina hilo alilipata kwenye karakana ya kujalidi vitabu, alikovisha vitabu majalada hadi akastaafu, na vidole vyake havikutakata hata siku ya harusi yake. Mkewe, huyo mwenye maswali, waliyemwita Sindano, alikuwa mshonaji hapo hapo. Vitabu vilivyochakaa vilifumuliwa, kurasa zikatengenezwa, kisha yeye akazishona upya, fungu kwa fungu la karatasi zilizokunjwa, kwa uzi uliopakwa nta.

Binti hakujua amebeba nini. Tangu utotoni alisikia kwamba wazazi wake walipendana juu ya riwaya moja ya zamani, na alipoona imetengenezewa filamu akasema hii ndiyo zawadi. Maskini, alikuwa amemletea baba yake balaa kwenye sinia.

Mwaka ule walipopendana Sindano alikishona kitabu hicho, kikakaa wiki tatu kikingoja ngozi ya jalada. Kila mapumziko ya mchana Bwana Gundi alimsomea Sindano, huku yeye akishona kazi nyingine. Kilikuwa kisa cha mwalimu wa piano katika jumba kubwa, aliyependwa na wanaume wawili: bwana mdogo mwenye jumba, na karani wa kupanga vitabu vya maktaba, ambaye hakuwa na kitu ila wino vidoleni. Karakana nayo ilikuwa na wawili wake. Mmoja ni Gundi. Wa pili ni msimamizi mwenye pikipiki nyekundu, aliyekuwa amekwisha kumposa Sindano na anangoja jibu Jumatatu.

Sasa, kitabuni mwalimu anaolewa na bwana mdogo. Karani anapanda meli, na habari zake zinaishia hapo. Bwana Gundi alifika kwenye kurasa hizo nne za mwisho siku ya Ijumaa, akaona dunia imemgeuka. Akainua kitabu kikamfunika uso, akasoma maneno yasiyokuwamo. Akamwoza karani. Akampa na bustani juu yake. Sindano alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema, "Vizuri." Jumatatu msimamizi alipata jibu lake, na halikuwa lile alilolingoja.

Njia ya mwongo ni fupi, wasema wenye kusema. Ya Bwana Gundi ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na tisa, watoto watatu, na mwanamke aliyemwambia kila mgeni, "Sisi ni kama karani na mwalimu wake." Kila aliposikia hivyo, kitu kilimchoma. Je, alimpata mke huyu kwa haki, au alimwibia msimamizi?

Watu wa filamu nao hubadilisha mambo, alijipa moyo, na akatazama. Haikumchukua muda akajisahau. Alitaka sana kujua karani ana sura gani, kwa kuwa miaka yote alikuwa amemvisha sura yake mwenyewe. Kumbe ni mrefu, na ana masikio makubwa! Mvua ilipopiga madirisha ya maktaba, na mwalimu akaacha kupiga piano ili asikie nyayo za karani juu ya mbao, Bwana Gundi naye alitega sikio. Karani akachukua kitabu kilichochanika akaanza kukitengeneza.

"Brashi ile si ya gundi!" walisema mume na mke kwa pamoja, na binti akawatuliza kama watoto.

Kisha kengele zikalia. Mwalimu akatoka kanisani ameshika mkono wa bwana mdogo, na mbali kule bandarini karani akapandisha sanduku lake melini. Muziki ukapanda, majina yakaanza kupita.

"Hee!" alisema binti. "Mama, si ulituambia karani ndiye aliyemwoa?"

Bwana Gundi alimtazama mkewe badala ya skrini.

"Mama watoto," alisema. "Filamu haikukosea. Kitabu ndivyo kilivyokuwa. Mimi nilikudanganya."

Mkewe akamgeukia. Swali la kumi na mbili likaja.

"Kitabu kinashonwa kuanzia wapi?"

"Kuanzia mwisho," alijibu Bwana Gundi, na hapo hapo akasikia alichokisema. Fungu la mwisho ndilo linalolazwa kwanza, mengine yakafuata juu yake. Alikuwa mtu wa majalada. Hakuwahi kuliwaza jambo hilo hata siku moja.

"Lakini mshonaji haangalii maneno. Anaangalia mkunjo wa karatasi," alisema Bwana Gundi.

"Mshonaji mwingine," alisema Sindano. "Mimi? Nilikuwa nimemwoza mwalimu kwa yule tajiri kabla wewe hujafungua ukurasa wa kwanza."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka kuona utafika wapi. Ulisoma kurasa nne bila kufunua hata moja, jasho likikutiririka mpaka kwenye kola. Nikasema moyoni, yule wa pikipiki hajawahi kutoka jasho kwa ajili yangu."

Binti alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Bwana Gundi alitaka kucheka naye, lakini machozi yalimtangulia, akayafuta kwa kiganja bila kujificha.

"Miaka yote hii nimekuwa na hofu."

"Ukome kudanganya," alisema mkewe, na akamsogelea kwenye kochi. "Mwanangu, zima kitu hicho. Baba, tusomee ule mwisho wetu. Ile bustani nimeisahau, ilikuwa na maua gani?"

"Nisome nini? Kitabu chenyewe sinacho."

"Hata siku ile hukukitazama," alisema Sindano. "Soma."